Maksai wa Kengele Iliyozibwa

Usiku ule wa Jumapili sikulala, na kilichoninyima usingizi ni swali moja tu. Yule mzee tuliyempakia garini kwenye barabara ya Ngong, alikuwa mtu au hakuwa mtu?

Usinicheke. Mimi si mtu wa hadithi. Nilisomea magonjwa ya mifugo chuoni Kampala, na kama kuna jambo walilonitia walimu kichwani ni kutokubali kitu mpaka nikipime. Hata mlango wa chumba changu nikishaufunga huwa narudi kuusukuma, kisha narudi tena, kisha nikiwa njiani najiuliza kama niliusukuma kweli. Mtu wa namna hiyo hakimbilii kusema ameona mzuka. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana na si usiku, katika ile miaka ya Hali ya Hatari, chini ya mkoloni, mwezi wa Julai, wakati wingu linapoikalia Nairobi tangu asubuhi mpaka jioni na watu wanasahau rangi ya jua.

Na swali lile halikuwa la kupitishia wakati. Asubuhi ya Jumatatu maksai mmoja alikuwa achinjwe Dagoretti. Kama mzee yule alikuwa mtu kama wewe na mimi, mzee aliyechanganyikiwa kwa baridi, basi ningelala, niamke, nikafanye kazi yangu. Kama hakuwa mtu, basi nilikuwa nimepokea ombi la maiti, na aliyelipokea ni mimi peke yangu. Na ili nilitimize, ningelazimika kuvunja sheria ile ile niliyoajiriwa kuilinda. Sasa niambie, wewe ungelala?

Ngoja nianze pale panapostahili.

Nilikuwa nimepanga chumba Ngara, nyuma ya duka la fundi cherehani Mhindi. Kila alfajiri nilipanda baiskeli, nikapita Kileleshwa kwenye nyumba za Wazungu na mbwa wao waliolijua jina langu kuliko mimi, nikateremka Kawangware, nikapanda hadi machinjioni Dagoretti. Kazi yangu ilikuwa kuwakagua ng'ombe kabla hawajachinjwa, na kukagua nyama baadaye na kuipiga mhuri wa wino wa zambarau. Nyumbani Bunyore mama aliwaambia watu kanisani kuwa mwanawe ni daktari. Hakusema daktari wa nini. Wadogo zangu wawili walikuwa shuleni kwa mshahara wangu, kwa hiyo kazi ile sikuichezea.

Sheria kubwa ya pale ilikuwa hii: ng'ombe akishaingia ndani ya ua wa machinjio, hatoki akiwa hai. Asiye na ugonjwa anachinjwa na kuliwa. Mgonjwa anachinjwa na kuchomwa. Hakuna mlango wa tatu. Ni kwa sababu ya maradhi, na ni sheria nzuri; mpaka leo nasema ni nzuri.

Ijumaa ile niliagizwa kwenda kukagua malisho na minada ya upande wa Umaasai. Nilipewa pikapu yenye turubai nyuma, na dereva. Dereva alikuwa Ndung'u, mtu mzima, mzaliwa wa Dagoretti, mzee wa kanisa, na mwenye mdomo. Mimi nilimwita Baba Njoki kwa heshima. Yeye aliniita daktari kwa dhihaka.

"Daktari, umebeba sweta?"

"Nimebeba."

"Umeangalia mara ngapi kama umebeba?"

Tuliondoka kwa furaha, na sitakuficha, ile ni safari nzuri. Unapita Ngong, mji mkongwe wa boma la serikali, wenye mikaratusi mirefu na maduka ya mabati yaliyoota kutu. Kisha barabara inashuka Kiserian, kwenye mto mdogo ambapo waswagaji wa ng'ombe hunywesha mifugo. Kisha vilima vyote vinaachana, na mbele yako ni nyika mpaka Isinya na Kajiado: miji midogo ya ng'ombe, duka moja la Mhindi, duka moja la Msomali, zizi la mnada, na upepo. Wenye mashamba makubwa ya ng'ombe huja na magari yao, Wamaasai huja kwa miguu, na wote wanasimama kwenye ua mmoja kutazama kwato. Siku ile, hata hivyo, hatukuona vilima. Ukungu ulikuwa umekaa juu yake kama kifuniko cha sufuria.

Kati ya Ngong na Kiserian tulimkuta mtu akitembea mbele yetu katikati ya barabara. Mmaasai, mrefu, shuka imefungwa begani, fimbo imelazwa mabegani na mikono yote miwili imening'inia juu yake. Ndung'u alipiga honi. Mtu hakugeuka. Alisogea tu kando, taratibu, kama anayempisha mtu kanisani, na tulipompita sikuuona uso wake vizuri.

"Kiziwi?" niliuliza.

"Mswagaji," alisema Ndung'u. "Anarudi kwao. Wakienda nyumbani hawageuki."

"Kwa nini?"

"Chuoni hawakukufundisha? Haya, sikiliza."

Akanieleza, na naomba usikilize na wewe, kwa sababu kisa chote kiko hapa. Mswagaji anapoleta kundi kutoka nyikani, hawafukuzi ng'ombe kwa nyuma. Ana maksai wake mmoja, mkubwa, mtulivu, aliyevalishwa kengele shingoni. Maksai anamfuata mswagaji, na kundi linaifuata kengele. Huyo hauzwi. Anafika mpaka lango la machinjio, kundi linaingia, yeye anabaki nje, na kesho yake anarudi na mwenyewe kuleta kundi jingine. Na kabla hawajaanza safari ya kurudi, mswagaji anaijaza kengele nyasi mpaka isilie. Kwa sababu gani? Kwa sababu kengele ile inasema nifuateni. Ikilia njiani, ng'ombe za watu zitaacha malisho na kuifuata, na mwenyewe atafika kwake akiwa mwizi.

"Na kutogeuka?"

"Maksai ukimtazama anasimama. Anadhani unataka kumwambia kitu. Wewe enda tu, yeye atakuja."

"Lakini huyu hakuwa na maksai," nilisema.

Ndung'u aliangalia kioo. Nyuma yetu ulikuwa ukungu mtupu.

"Atakuwa nyuma kidogo," akasema.

Siku nzima ilipita kwa kazi. Kajiado nilifungua midomo ya ng'ombe, nikapapasa kwato, nikabishana na Mzungu mmoja mwenye kofia kuhusu kupe. Tulianza kurudi mapema, kwa kuwa Ndung'u ni Mkikuyu, kabila lililoshukiwa na serikali siku zile, na Mkikuyu aliyekutwa barabarani baada ya saa za kafyu, hata awe na pasi zake zote, hakuwa na usiku mzuri. Aliendesha huku akiliangalia anga zaidi kuliko barabara. Ilikuwa bado alasiri, lakini tulipopanda kutoka Kiserian ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini na tukawasha taa.

Ndipo tukamwona tena. Yule yule, shuka ile ile, lakini sasa akielekea upande wa Nairobi, akirudi alikotoka. Alikuwa amesimama ukingoni, ameinua mkono.

"Tumpakie," nilisema.

"Kafyu, daktari."

"Mzee wa watu, Baba Njoki. Na baridi hii."

Ndung'u alisimamisha gari akinung'unika. Mzee alipanda nyuma, chini ya turubai, akakaa juu ya magunia karibu na kidirisha cha nyuma ya viti, ambacho hakikuwa na kioo. Nikageuka nikamsalimu.

"Sopa, mzee."

"Ipa."

Sikio lake la kushoto, ile ndewe iliyotobolewa, lilikuwa limechanika na kushonwa kwa uzi mwekundu. Nililitazama kwa sababu mshono ulikuwa mbaya, na mimi nimesomea mishono. Nikaona na jambo jingine. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu Isinya. Shuka yake ilikuwa kavu.

"Mzee," Ndung'u alipaza sauti bila kugeuka, "asubuhi ulikuwa unakwenda kwenu. Umesahau ugoro?"

"Nimesahau ng'ombe."

Ndung'u alicheka mpaka usukani ukatikisika. "Mmaasai amesahau ng'ombe! Daktari, umesikia? Dunia imekwisha."

Mzee hakucheka. Alizungumza Kiswahili cha watu wa nyikani, kila neno likiwekwa chini peke yake.

"Mimi naenda mbele. Sambu anakuja nyuma. Kengele imezibwa, sisikii kitu, lakini najua anakuja. Nafika Kiserian mtoni. Nageuka anywe maji. Hayuko. Narudi Dagoretti. Naanza tena. Naenda mbele, nafika mtoni, nageuka. Hayuko."

"Tangu leo asubuhi?" nikauliza.

"Kila siku," alisema.

Niamini, wakati ule sikuogopa. Nilimhurumia. Nilifikiri, huyu ana homa, au uzee umemwingia kichwani. Kilichonisumbua ni harufu. Garini mlikuwa mmejaa harufu ya makaa, yale makaa ya jikoni yanayokaribia kuzimika. Ndung'u naye aliisikia. Alisimamisha gari, akafungua boneti, akanusa huku na huku, akarudi akitikisa kichwa. Na kichwa changu kilianza kugonga kwenye paji, kama cha mtu aliyelala na jiko chumbani.

"Wewe kazi yako wapi?" mzee aliniuliza.

"Hapo hapo Dagoretti. Nakagua ng'ombe."

Kisha mkono wake ukapita kidirishani, mkono mkavu wenye mishipa, na ndani ya ngumi mlikuwa na nyasi, mbichi, zimekunjwa.

"Basi wewe ni mtu wa mlango. Mwambie mwenye kisu, Sambu hakuletwa kuuzwa. Shika."

Nilishika. Ungefanya nini? Mzee anakupa kitu, unapokea. Nikasema, "Nitamwambia, mzee," kwa sauti ile tunayotumia tunapotaka mazungumzo yaishe. Nikazitia nyasi kwenye mfuko wa koti.

Ndung'u aliendesha moja kwa moja mpaka Dagoretti. Alipofunga breki mbele ya lango nilishuka nikainua turubai ili nimsaidie mzee kushuka. Palikuwa na magunia. Basi. Nikapapasa magunia kwa mikono, kama mpumbavu, moja moja.

"Ameruka pale konani tulipopunguza mwendo," alisema Ndung'u haraka.

"Uliona akiruka?"

"Wewe ulipokea nyasi?"

"Ndiyo."

"Kwa mkono?"

"Sasa ningepokea kwa nini, Baba Njoki?"

Hakunidhihaki. Ilikuwa mara ya kwanza. "Nimeishi jirani na watu hawa maisha yangu yote," alisema. "Kwao, ukipewa nyasi umeombwa kwa amani. Ukipokea, umekubali. Hakuna maneno mengine." Akapanda garini, akaondoka kuiwahi kafyu, na mimi nikabaki na baiskeli yangu.

Kesho yake, Jumamosi, nilimtafuta Shem. Shem ni mchunaji ngozi pale, mtu wa kwetu upande wa Bunyore, ambaye aliniita mwana wetu hata mbele ya wakubwa. Nilimuuliza kijuujuu, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, ikiwa anamjua mswagaji wa Kimaasai mwenye maksai aitwaye Sambu.

"Marehemu?" alisema Shem.

Nilikaa chini juu ya ndoo.

Alinieleza akiendelea kunoa kisu. Mwanzoni mwa baridi, siku chache kabla sijaanza kazi pale, mzee yule alileta kundi. Kundi likaingia. Akaziba kengele ya maksai wake, akamfunga nje ya lango, akaenda kulala kwenye kibanda cha waswagaji ili aondoke asubuhi. Baridi ilikuwa kali. Aliingiza jiko la makaa ndani akafunga mlango. Asubuhi hakuamka.

"Tulimtoa mimi na mlinzi. Gari la serikali likamchukua, wakamzika huko mjini, sijui wapi. Hakuna aliyejua kwao. Hata jina lake hatukulijua. Tulikuwa tunamwita Mzee Kengele."

"Sikio lake," nilisema, "la kushoto."

Shem aliacha kunoa. "Lilikuwa limeshonwa. Uzi mwekundu. Mwana wetu, wewe ulimwona wapi?"

Nilimuuliza maksai yuko wapi. Na hapa ndipo nilipopata baridi ya kweli, kwa maana Shem alinyoosha kisu kuelekea zizi la ndani.

Ilikuwa hivi. Mzee alipokufa, maksai alibaki amefungwa nje. Watu wa machinjio wanaijua kengele ya kundi, lakini wengi wao ni watu wa magharibi na wa huku Kikuyu. Kurudi nyumbani na maksai si safari yao. Wameona makundi mengi yakiingia, hawajawahi kuona lolote likitoka. Waliiona kengele imejazwa nyasi wakasema, aha, mwenyewe ameifunga kinywa, kazi ya huyu imekwisha, ameuzwa pamoja na wenzake. Hakukuwa na wizi wala ubaya. Mnyama alikuwa anakonda pale kwenye kigingi, wakamhurumia, wakafungua lango, wakamwingiza ndani ale. Huruma ile ndiyo iliyomhukumu, kwa kuwa aliyeingia hatoki.

Nilikwenda kumwona; zizi lile nililipita kila asubuhi bila kumjua. Maksai mkubwa, mwenye madoadoa meusi na meupe yaliyochanganyika kama majivu, pembe pana. Wenzake walikuwa kwenye majani makavu. Yeye alisimama peke yake kwenye kona, uso umeelekea vilima vya Ngong, ambavyo siku ile havikuonekana. Kengele ilikuwa shingoni. Nyasi zilizojazwa ndani zilikuwa zimekauka rangi ya tumbaku.

Nikamwendea Wahome, mfanyabiashara mwenye zizi lile, aliyelinunua kundi. Alikuwa mtu mwema, mnene, aliyependa kunong'ona.

"Yule wa madoadoa si wako," nilimwambia.

"Mwenyewe amekufa, daktari. Nimrudishie nani? Nimpeleke kaburini?"

"Ana watu wake huko nyikani."

"Nyika ni kubwa. Na hata nikitaka, sheria yenu nyinyi inasema nini? Ameshaingia. Nilikuwa namngoja anenepe. Sasa nimempanga achinjwe wa kwanza Jumatatu, kwa sababu wengine wakimwona hapo konani hawali." Akaniegemea. "Wewe ndiye sheria. Ukisema ni mgonjwa, nitamwondoa kwenye orodha ya Jumatatu."

"Nikisema ni mgonjwa atachomwa."

"Sasa umeelewa," alisema Wahome kwa upole.

Jumapili nilikwenda kanisani Dagoretti kumtafuta Ndung'u. Nilimkuta nje na mkewe, amevaa suti. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: aseme alimwona mzee. Au aseme hakumwona. Lolote.

"Baba Njoki, ile Ijumaa tulimpakia nani?"

Alimtazama mkewe, akanitazama mimi. "Nilisimamisha gari kwa sababu uliniambia nisimamishe," alisema. "Kulikuwa na ukungu." Akaingia kanisani.

Unaona? Hata yeye aliyemcheka mzee kwa mdomo wake alikuwa ameanza kufuta. Na mimi je? Nilirudi Ngara nikakaa kitandani na nyasi zile mkononi. Zilikuwa bado mbichi. Nikajiambia, nyasi si ushahidi. Koti lilikuwa na unyevu. Nikajiambia, pengine nilizing'oa mwenyewe Kajiado nikasahau. Harufu ya makaa? Kila nyumba Dagoretti inawaka jiko. Uzi mwekundu? Pengine Shem aliwahi kunisimulia nikasahau. Pengine yule ni ndugu yake marehemu, pacha wake, mwenye sikio kama lake. Kila nilipofunga mlango mmoja wa akili niliurudia kuusukuma, na kila mara ulifunguka. Nikamwona mama akitoka kanisani, wakimuuliza, yule daktari wako amefukuzwa kwa kuiba ng'ombe? Nikawaona wadogo zangu wakirudi nyumbani na masanduku yao ya mabati. Kisha nikamwona mzee akifika mtoni Kiserian, akigeuka.

Ndege wa kwanza walipoanza kulia kwenye mfereji wa Ngara, nikatambua kuwa nilikuwa nimeuliza swali lisilo na kazi. Awe mtu, asiwe mtu, maksai hakuletwa kuuzwa. Hilo halikuhitaji mzuka. Lilikuwa kweli hata kama niliota.

Kabla sijakwambia nilichofanya, nikwambie kilichofuata, maana watu huniuliza hilo kwanza. Kazi ile niliipoteza wiki ile ile. Walinihoji, nikajibu kila kitu isipokuwa habari ya mzee, wakanitoa kwa aibu ndogo badala ya kubwa. Nikafundisha shule upande wa nyumbani, na wadogo zangu walichelewa mwaka mmoja kusoma, jambo ambalo mmoja wao bado hunikumbusha. Tangu siku ile, jiko la makaa haliingii nyumbani kwangu, hata mvua ya mawe inyeshe. Na nikitembea peke yangu siwezi kugeuka nyuma. Mke wangu akiniita njiani nasimama tu mpaka anifikie. Yeye hudhani ni maringo.

Na wewe unayesoma, nikuachie hili. Siku moja utasafiri barabara ile, kwa kuwa ni nzuri, na watoto watataka kuona vilima. Ukikuta ukungu kati ya Ngong na Kiserian, na mtu anatembea mbele bila kugeuka, mpishe. Usimpigie honi. Na mtu akikunyooshea nyasi, fikiri kabla hujafungua mkono, kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi, na hakuna mlango wa tatu.

Sasa, asubuhi ile.

Nilifika machinjioni kabla ya wachinjaji kumaliza chai. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya ua, na ng'ombe walionekana nusu nusu, migongo bila miguu. Nilimpima Sambu joto. Nilimfungua mdomo, nikatazama ulimi na fizi. Nikainua kwato zote. Nikarudia tena zote, na mara hii si kwa wasiwasi. Nilitaka niwe na hakika kwamba silipeleki gonjwa kwa ng'ombe za watu. Alikuwa safi kuliko ng'ombe yeyote niliyewahi kumpiga mhuri. Nikamfungua kamba.

Hakusogea. Nilivuta, nikasukuma, nikamwita kwa jina. Alikuwa ametazama langoni, na mimi nikatazama anakotazama.

Nje ya lango, pale ukungu ulipokuwa mwepesi, alisimama mtu. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Fimbo mabegani, mikono imening'inia. Alikuwa akingoja kuanza safari, kama alivyoanza kila asubuhi, akiamini kwamba kilicho chake kiko nyuma yake. Na nilijua angeanza kutembea sasa hivi, na hangegeuka, na hangesikia kitu, kwa sababu yeye mwenyewe kwa mkono wake aliiziba kengele.

Shem alikuwa amesimama karibu nami na funguo alizoachiwa na mlinzi. Sijui aliona nini. Uso wake ulikuwa kijivu.

"Mwana wetu," alisema, "ukitoka na huyo, hurudi humu."

"Fungua, Shem."

"Mama yako atasema nini?"

"Fungua."

Alifungua lango, akaliacha wazi, akageukia ukutani.

Mtu yule alianza kutembea. Maksai alitikisa kichwa, akapiga hatua moja, akasimama. Amezoea kusikia nyayo, na nyayo zile hazikuwa na sauti. Ukungu ulikuwa ukimfunga mzee, kwanza miguu, kisha kiuno. Ndipo nikatia vidole ndani ya kengele. Desturi inakataza, najua, na nilijua sababu yake. Nyasi zilikuwa zimekazana kama udongo. Nikazing'oa kwa kucha, fungu baada ya fungu, mpaka ulimi wa kengele ukaanguka huru.

Ikalia.

Ndani ya ua kila ng'ombe aliinua kichwa. Walikuja kwenye kingo za zizi wote kwa pamoja, wakasukuma mbao kwa vifua, wakalia, kundi zima lililopangwa kufa asubuhi ile likiitikia neno moja walilofundishwa, nifuateni. Sikuweza kuwachukua. Mpaka leo kilio kile ndicho kinachoniamsha, wala si mzee.

Mbele, ndani ya ukungu, mtu alisimama. Hakugeuka. Aliinamisha kichwa upande wa kushoto, upande wa lile sikio lililoshonwa, kama anayesikiliza. Kisha mabega yakashuka, akaendelea na safari, na maksai akatoka langoni akimfuata. Nikazitoa mfukoni nyasi za mzee, bado mbichi, nikazishika mkononi ili nikaizibe kengele tena Kiserian, mtoni, mzee akishageuka na kumwona. Nikatembea nyuma yao.